Rangi ya Mnunuzi wa Kesho

Kwa miaka yote niliyoishi ukuta mmoja na Dalali, sikumwona hata mara moja akiwa na gari lake, wala sikuuona ua wake ukikosa gari. Magari yalikuja yakiwa ya watu, yakaondoka yakiwa ya watu wengine. Katikati hapo yalilala kwake kama wageni wa harusi, yakafaidi kivuli chake, yakaoshwa kwa maji aliyoletewa na mkokoteni, kisha asubuhi moja unatazama, hayapo.

Nayasema haya kwa uhakika kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Nina kioski cha dirishani, dirisha linatazama lango lake, na tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa mtu wa kukaa. Wenzangu wengine walienda Nairobi, wengine wakavuka mpaka Uarabuni. Mimi nilienda mpaka kwenye stuli. Mke wangu husema nikifa hawatakuwa na gharama ya kunibeba, watachimba hapo hapo.

Dalali alilijua hilo akaligeuza salamu. Watu wa dini yake aliwapa salaam aleikum iliyokamilika. Mimi, Mmeru wa kanisani tena wa Jumapili chache, alinisimamia dirishani na salamu yangu peke yangu.

"Habari ya kukaa?"

"Nzuri, Mzee. Habari ya nyeupe?"

Kwa maana ua wake ulikuwa mweupe. Ungeingia mchana bila kofia ungetoka umefumba macho. Probox nyeupe, landkruza kuukuu nyeupe, pikapu nyeupe, na kando labda silva moja iliyokaa kama mtoto wa kambo. Nikimuuliza kama kiwanda kiliishiwa na rangi nyingine, alijibu kwa neno lake moja, ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko mahubiri: "Rangi si ya wewe. Rangi ni ya yule atakuja kuinunua kwako."

Alilitoa neno hilo kwa mbuzi. Kabla ya magari alikuwa dalali wa mifugo, na hakuacha udalali ule, aliuhamisha tu kutoka kwenye miguu minne mpaka kwenye magurudumu manne. Sokoni, alisema, mbuzi mweupe alikwisha kupata mtu kabla jua halijawa kali, na yule wa madoadoa akabaki mpaka mwenyewe akaanza kumuonea haya. Nikamuuliza nyama ya mweupe ina nini. Haina kitu, akasema. Mnunuzi alimtaka mweupe kwa sababu mtu atakayemuuzia naye anataka mweupe, na huyo ana mtu wake mbele, na mbele zaidi hakuna anayejua. Kila mtu alimchagulia mwingine. Alieleza hayo bila kucheka, akiwa ameegemea dirisha langu kwa uzito wa mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali.

Sababu nyingine alikuwa nazo, na zilikuwa za kweli. Jeupe halichemki sana ukiliacha juani nje ya benki. Likikwaruzwa na migunga ya njia ya Garbatulla, fundi yeyote wa Isiolo ana rangi nyeupe kwenye kopo, hata kama ni ile iliyobaki kwenye ukuta wa nyumba yake. Silva inaficha vumbi. Kijivu ni ya mtu anayetaka silva lakini amechelewa. Nyeusi ni ya mheshimiwa, au ya mtu ambaye ana mtu wa kumuoshea. Samawati huchoshwa na jua mpaka ikafanana na leso ya zamani. Kijani waachie askari, maana raia akiendesha kijani huku kwetu atajieleza kwenye kila kizuizi mpaka Merille. Nyekundu inaita macho, na macho ya watu si kitu cha kuita.

Haya aliniambia akiwa amevaa kikoi cha rangi ya chungwa na ndevu alizozipaka hina mpaka zikawaka kama jiko. Nilimwambia, Mzee, mtu mwenye ndevu nyekundu anawakatazaje watu gari jekundu? Akazishika, akazifikiria. Akasema ndevu hazina mnunuzi.

Siku moja nilimuuliza mbona magari yanatoka Japani yakiwa tayari meupe, wakati kule hakuna vumbi la Isiolo wala migunga ya Garbatulla. Akashusha pumzi. "Huko pia kuna dalali kama mimi."

Jibu hilo lilinikalisha siku nzima, japo ningekaa hata bila jibu. Niliwaza mtu wa kule, baba wa watoto, amesimama mbele ya gari la rangi aipendayo, halafu akamkumbuka mtu asiyemjua atakayemuuzia baada ya miaka, akashika nyeupe. Mtu huyo naye akanunua kwa ajili ya meli. Meli ikatuletea sisi. Nasi tunanunua kwa ajili ya jamaa fulani wa Garbatulla ambaye leo hii bado anafuga ngamia na hajafikiria gari. Mteja wa sukari aligonga dirisha mpaka akachoka, akaenda duka la pili.

Dalali hakuwa mtu wa kushinda ubishi kwa kelele. Kulikuwa na mwalimu kijana, mgeni wa kutoka Nkubu, aliyetaka samawati na hakutaka kusikia jingine. Dalali akamuuliza kama ananunua gari au anachumbia. Mwalimu akakasirika, akanunua samawati yake kwingine, akapita nayo mbele ya lango letu polepole, madirisha yote wazi, ili tumuone. Alipopata uhamisho alirudi na gari lile lile, sauti iko chini, akiomba auziwe. Mimi nilijitayarisha kucheka. Dalali hakucheka. Alilizunguka, akalipapasa boneti kama anavyompapasa beberu, akasema litauzika, lakini itabidi wavumilie.

Walivumilia kweli. Mwisho akatokea tajiri mmoja wa mbuzi wa upande wa Leparua, akalinunua bila ubishi mwingi. Sababu yake ilinifurahisha. Alikuwa na dereva mwenye tabia ya kuegesha kwa wanawake, na gari jeupe lilikuwa likipotea kati ya meupe. Samawati angeliona akiwa kilimani. Nikamwambia Dalali, umeona, rangi ina mtu wake. Akakubali ina mtu wake, ila kumngoja mtu huyo kunazeesha.

Bei hakuitaja kwa mdomo. Hilo nalo lilitoka sokoni. Mnunuzi akija, Dalali alivua kikoi cha begani, akakitandaza juu ya mkono wake na wa mnunuzi, na chini ya kitambaa vidole vikazungumza: ukishika kimoja una maana yako, ukibana viwili una yako, ukikwaruza kiganja umekataa. Sisi tuliosimama nje tuliona kitambaa kikitikisika tu, na nyuso mbili zinazotazama mbali kama watu wanaongoja mvua. Niliwahi kumwomba anifundishe. Akasema mkono wangu hauna kazi hiyo, umezoea kupima sukari.

Sasa nifike kwenye nailoni.

Dalali alikuwa na bunda la nailoni nene, ile ya kufunikia makochi. Siku gari linaingia, kabla hata ya kuliosha, alivika viti vyote. Alisema mnunuzi anapenda kuhisi kwamba hakuna mtu aliyekaa pale kabla yake, hata kama gari limekaliwa na nusu ya Japani. Nailoni hiyo kwenye joto la Isiolo haina huruma. Niliwahi kupanda mara moja, nikiwa na suruali fupi, na nikashuka nikiwa nimeacha ngozi. Ilikuwa ni marufuku kuichana. Watoto wake walikua wakijua kwamba ukuta unaweza kuchora, nailoni usiiguse.

Na mkewe, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama, alikaa nyuma. Hiyo ilikuwa desturi ya ua ule. Kiti cha mbele ni cha mnunuzi, anayekuja kujaribu gari, na hutaki akikute kimechakaa upande mmoja tu. Basi wakienda hospitali, wakienda matanga, wakienda kwa binti yao, Dalali mbele kama dereva wa kukodiwa, Mama nyuma juu ya nailoni, mikono magotini, kama mtu aliyeombewa lifti. Miaka yote hiyo.

Yeye alitaka kitu kimoja, na alikitaka wazi, kila mtu alikijua. Alitaka gari la damu ya mzee. Alipokuwa msichana, baba yake alimpa mtamba wa rangi hiyo hiyo, nyekundu inayokaribia weusi, akamwita Dimtu, ambayo kwa Kiborana ni nyekundu tu, hakuhangaika na jina. Msichana akawa anamnywesha maji kule Gotu. Ukame ulipokuja baba akaita dalali, na dalali kijana aliyekuja, ndevu zikiwa bado nyeusi, ndiye huyu. Mama aliisimulia hadithi hiyo dirishani kwangu huku akichagua nyanya. "Aliuza ng'ombe yangu, halafu akarudi kunioa mimi. Mpaka leo sijui alikuja kuomba msamaha ama aliona bado kuna kitu cha kuchukua."

Dalali akiwa karibu alisema ijayo. Gari lijalo litakuwa damu ya mzee, inshallah. Likaja jeupe jingine. Mama akamuuliza, akasema ijayo. Ilifika mahali hata mimi nikikopwa na mtu akaniambia atalipa kesho, nilikuwa nikimwambia, sawa, ijayo.

Kuna harusi moja ya Garbatulla ambayo mpaka sasa haitajwi mbele yake. Probox za wageni ziliegeshwa nje kwa safu, zote nyeupe, kama yangeyange waliotua machungani. Dalali alitoka amechoka, ufunguo mkononi, akafungua, akaona nyuma kuna mwanamke amejifunika buibui na amelala, akawasha, akaondoka. Ufunguo wa gari la zamani ukishalika unafungua hata usichotumwa. Alitembea mwendo mzuri, akizungumza peke yake juu ya pilau na bei ya mahari, akifurahi kwamba leo hapingwi. Karibu nusu ya njia sauti ya kikongwe ikauliza kwa nyuma kama wamefika. Haikuwa sauti ya Mama. Alikuwa mama mzazi wa mtu mwingine, aliyeingia gari la mwanawe kupumzisha mgongo, akadhani huyu ni dereva aliyetumwa.

Ndiye mtu yule yule aliyeweza kumtoa mbuzi wake kwenye kundi la mbuzi weupe kwa kumtazama uso. Lakini mbuzi wana nyuso. Akageuza gari, na mbele vumbi likamletea jingine jeupe likija mbio, likiendeshwa na mwana wa kikongwe kwa ufunguo wake uliolika vile vile, na nyuma yake juu ya nailoni, mikono magotini, Mama. Alikuwa ndani ya gari lao muda wote. Alimuona mumewe akimpita, akifungua gari la jirani na kwenda zake.

Waliteremka wote wawili barabarani. Wanaume wakaanza kusalimiana na kutoleana lawama za heshima. Mama hakuteremka. Alishusha kioo, akangoja wamalize, akasema, "Ingekuwa ni ya damu ya mzee, hungenipoteza."

Dalali mwenyewe ndiye aliyenieleza, muda mrefu baadaye, na hakueleza kama kichekesho. Mimi ndiye niliyecheka. Nilicheka peke yangu.

Mwaka huu alianza kuchoka kwa namna ya kuonekana. Vijana wanauza magari kwa simu, picha tu, mnunuzi yuko Marsabit na gari liko Mombasa, hakuna mkono wala kikoi. Ua wake ukabaki na magari mawili, kisha moja. Alikuwa akija dirishani akasahau salamu yangu, akaegemea tu. Mara moja alisema, bila mimi kumuuliza, kwamba maisha yake yote amekuwa akinunulia watu ambao hawajazaliwa bado. Nikamwambia aje akae, nina uzoefu, nitampa masomo ya bure. Akakaa kweli, akawa ananitazama nikipima sukari, na nilivyomjua, hilo lilinitisha kuliko kama angeanguka.

Halafu Alhamisi moja akaingia na damu ya mzee.

Alilitoa Meru, mahali lilipokuwa limekaa kwenye yadi mpaka magugu yakaota kwenye magurudumu, kwa sababu lilikosa mtu. Nilitoka dirishani kulitazama, na majirani waliponiona nimesimama nje walidhani kuna moto. Lilikuwa zuri. Sijui magari, lakini jua la saa kumi lilikuwa limeingia ndani ya rangi ile likakaa humo. Dalali alisimama kando, mikono nyuma, akimngoja Mama atoke.

Mama akatoka na taulo la jikoni. Akalitazama gari kwa muda mrefu, akalizunguka, akarudi aliposimama mwanzo.

"Nani atainunua?" akauliza.

Hakuwa akimtania. Hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza kama mtu anayemuonea huruma mumewe aliyekosea hesabu. Neno lile lile alilolisikia likisemwa ukutani kwake tangu ujana lilikuwa limeshamwingia, na lilipofika zamu yake ya kupenda, lilitoka lenyewe.

Dalali akafanya nini? Akaenda ndani, akatoka na bunda la nailoni, akaanza kuvika viti. Mikono ilikuwa imezoea. Sidhani hata yeye alijua anafanya nini. Mama aliiona nailoni ikiingia, akakung'uta taulo, akarudi jikoni. Nilitaka kupiga kelele, lakini mimi si mtu wa kelele, ni mtu wa dirisha.

Kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, akaja mnunuzi. Jamaa wa makamo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amepita akaliona kwa lango. Alisema amechoka kutafuta gari lake kila akitoka msikitini. Alikuwa mtu wa kweli, wa pesa ya kweli, yule tuliyeambiwa kwamba kumngoja kunazeesha, amekuja hata bila kungojwa. Akanyoosha mkono. Dalali akavua kikoi.

Mama alikuwa mlangoni, amesimama na bakuli la mchele. Aliona kitambaa kikishuka juu ya ile mikono miwili, kama alivyokiona siku ile Gotu, nadhani, akiwa amemshika Dimtu kamba. Aliendelea kuchagua mchele bila kuutazama.

Kitambaa kikatikisika kidogo. Kikatulia. Kikatikisika tena, upande wa mnunuzi, na nikaona nyusi za Dalali zikipanda, kwa maana ilikuwa bei nzuri. Halafu akautoa mkono. Hakukwaruza kiganja, aliutoa tu, kikoi kikaanguka chini na hakuna aliyekiokota.

"Hii haiko sokoni," akasema.

Mnunuzi akacheka, akidhani ni mbinu. "Mzee wangu, kama haiko sokoni, nailoni ni ya nini?"

Dalali alilitazama gari, akatazama viti vinavyong'aa. Akaokota kikoi chake taratibu, akakikung'uta vumbi. Mnunuzi akaaga kwa heshima, akaenda.

Dalali akaketi kwenye ngazi ya nyumba yake. Mimi nikarudi kwenye stuli, nikajifanya napanga vibiriti.

Alasiri ilikuwa imeingia niliposikia sauti. Sauti zote za ua ule nazijua, lango, ndoo, kikohozi, starta ya gari linalokataa. Hii sikuwahi kuisikia. Ilikuwa kama kitambaa kinapasuliwa, lakini nzito zaidi, ndefu. Nikasimama.

Mama alikuwa ndani ya gari, kiti cha mbele, ameshika kisu cha jikoni. Alikuwa akiichana nailoni kutoka begani mpaka chini, bila haraka, kama anayemchuna mbuzi na hataki kuharibu ngozi. Dalali alikuwa nje ya mlango, anapokea vipande anavyopewa, anavikunja. Mama alipomaliza kile chake akanyoosha mkono kwenye cha dereva, akakichana nacho. Kisha akajiegemeza, akajaribu kiti kwa mgongo, kushoto, kulia, akafunga mlango.

Akaniona.

"Wewe wa fom foo," akaniita. "Funga hiyo duka. Tunaenda Gotu na kurudi."

Nikamwambia Mama, wateja. Akatazama kushoto na kulia kwa barabara, ambako hakukuwa na hata kuku, akanitazama tena. Nikafunga. Nikazunguka, nikafungua mlango wa nyuma, nikakuta nailoni bado iko, imevutwa vizuri kabisa, haina hata mkunjo.

"Hiyo nimewaachia wageni," Mama akasema bila kugeuka.

Nikakaa, mikono magotini. Dalali akawasha gari, akaniangalia kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuchoka, akanipa salamu yangu.

"Habari ya kukaa?"

"Inanata, Mzee," nikamwambia, na tukatoka langoni.